Futi kamba na saa ya dawa: ninavyoishi na Parkinson hapa Kisumu

Kitabu cha oda ndicho kilichonishtua kwanza. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kaloleni, na kila mteja huwa namwandikia vipimo vyake: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Siku moja msichana ninayemfundisha kazi akaniuliza, "Mama, hii ni 36 ama 38?" Nikatazama ukurasa. Tarakimu za juu zilikuwa kubwa, zikapungua mstari hadi mstari, na za chini zilikuwa kama sisimizi. Nikaenda kununua miwani. Miwani haikubadilisha kitu.

Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kujisugua juu ya kidole cha shahada kila mkono ulipotulia mapajani, mfano wa mtu anayehesabu tasbihi. Nikishika mkasi, kinatulia. Kwa hivyo wateja hawakuona, nami nikanyamaza karibu miaka miwili. Muda huo naujutia mpaka leo, kwa sababu dawa ilikuwepo.

Daktari aliyenipima alinieleza kuwa kuna chembe ndani ya ubongo zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho ndicho kinachoendesha mwendo wa mwili uende laini. Chembe hizo zinakufa polepole. Ugonjwa unaitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Hauambukizi, wala hakuna aliyenitupia kitu. Kwa sasa hauna dawa ya kuuponya, ila ipo dawa inayorudisha mwendo kwa saa kadhaa kila unapoimeza. Kutetemeka ndiko watu wanakokuona, lakini kinachonisumbua zaidi ni ukakamavu na uzito: kuinuka, kugeuka kitandani, kufunga kifungo.

Naandika kwa mwenzangu aliyeambiwa habari hii juzi, na kwa mtoto au mkaza mwana anayeishi naye. Kiasi cha dawa ni kazi ya daktari wako. Mimi nitasema ya nyumbani. Na jambo nitakalolirudia ni hili: ugonjwa huu hausimami, kwa hivyo usijipange mara moja ukadhani umemaliza. Mtoto anayekua humshonei shati kwa kipimo cha mwaka jana. Unamwita, unatoa futi kamba, unampima tena.

Pima siku kabla ya kuikata

Chukua daftari la shule la kurasa 48. Kwa wiki nzima, kila saa unapokuwa macho, andika alama moja. Mimi naandika N kwa "naweza", K kwa "kidogo" na Z kwa "zito". Pembeni andika saa uliyomeza dawa na saa uliyokula. Mkono ukishindwa, mwambie mjukuu aandike.

Baada ya siku saba utaona umbo la siku yako. Langu lilikuwa hivi: dawa ya saa 12 asubuhi ilianza kunishika baada ya kama dakika 40, ikanibeba vizuri hadi karibu saa 3, kisha mwili ukaanza kurudi kuwa mzito kabla ya kidonge kinachofuata. Nilimpelekea daktari daftari hilo, akaona kwa dakika mbili jambo ambalo nilishindwa kumweleza kwa mdomo mwaka mzima. Akasogeza saa karibu zaidi. Sasa nameza mara 5: saa 12 asubuhi, saa 3 na nusu, saa 7, saa 10 na nusu, na saa 2 usiku. Nilianza na mara 3. Kadiri miaka inavyokwenda kila kidonge hubeba muda mfupi zaidi, na mimi nilipoona hivyo mara ya kwanza nililia nikidhani nimekosea mahali. Sikukosea. Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Saa za N ndizo za kazi inayotaka mkono: kukata kitambaa, kuoga, kutia namba ya siri ya M-Pesa. Simu naiweka juu ya meza, siishiki hewani. Saa za K natoa pindo lililoshonwa vibaya, nachambua vifungo, naongea na wateja. Saa za Z nakaa. Zamani nilikuwa napigana na saa za Z, nikavunja sindano na kuharibu vitambaa vya watu.

Kengele za dawa nimeziweka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kwa sababu chaji yake inakaa siku nyingi. Dakika 15 za kuchelewa zinaonekana mwilini mwangu mchana kutwa. Ukisafiri kwenda matangani, vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe visiwe kwenye begi linalofungwa juu ya matatu, na ubebe vya siku 3 zaidi, maana matanga ya huku hayana saa. Vikibaki vya siku 10, nenda kanunue vingine. Usiviache ghafla hata siku ambayo pesa hazipo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa mpaka ukalazwa. Afadhali kukopa.

Samaki na vidonge

Hapa ndipo watu wa Kisumu tunapopatikana. Dawa yenyewe, levodopa pamoja na karbidopa, hupita kwenye mlango uleule ambao protini ya chakula hupitia, kutoka tumboni kuingia damuni na kutoka damuni kuingia kwenye ubongo. Ukila ngege mzima saa 7 na kumeza kidonge hapohapo, samaki anatangulia na dawa inabaki nje. Mimi niliteseka alasiri nyingi nikidhani dawa niliyouziwa ni mbovu, kumbe ni omena ya mchana.

Nafanya hivi sasa. Kidonge nakimeza kwa maji, si kwa chai ya maziwa, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Nikiwa nimeshakula, nasubiri saa moja au zaidi. Asubuhi ni uji wa wimbi usio na maziwa, au viazi vitamu. Mchana ni ugali au wali na mboga: mrenda, osuga, sukuma. Samaki, nyama, maharagwe na mayai vinangoja jioni, kwa sababu usiku sihitaji kukata kitambaa. Sikuacha samaki, na wewe usiache. Mwili unaokonda unaanguka upesi. Nilimhamisha tu saa. Si kila mgonjwa anahitaji hivi, hasa mwanzoni, kwa hivyo daftari lako ndilo litakalokwambia. Kama kidonge kinakutia kichefuchefu, kula nacho ndizi mbivu au biskuti kavu. Na kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, viachanishe na dawa hii kwa saa 2.

Mrenda nausifu kwa sababu nyingine pia. Ugonjwa huu hufunga choo, na choo kikifungwa dawa nayo inachelewa kufika. Mrenda, papai, na maji. Joto la Kisumu linakausha mwili bila wewe kujua. Najaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi na inatakiwa iishe kabla ya magharibi.

Miguu inaponata

Huja mlangoni, au unapogeuka, au gari likipiga honi nyuma yako. Kichwa kinaamuru, mwili wa juu unaenda, miguu inabaki chini kama imepigwa gundi. Ndivyo wengi wetu tunavyoanguka.

Ikikunata, simama. Usishindane nayo. Pumua, simama wima, hamisha uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia, halafu inua goti juu kama unavuka mtaro. Mimi nahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, mdundo ule wa mguu kwenye cherehani ya kukanyaga. Jambo hili lilinishangaza sana: siku ambazo siwezi kutoka chumbani, nikikalishwa kwenye cherehani miguu inakanyaga vizuri. Mdundo unafungua njia. Wengine huimba.

Mistari nayo inasaidia. Jicho likiona mstari wa kuvuka, mguu unajua la kufanya. Kutoka kitandani hadi mlangoni nimebandika sakafuni utepe wa rangi ya njano, mistari iliyopishana hatua moja moja. Usitumie vipande vya vitambaa au mikeka midogo, vitakutegua. Unapogeuka, usizunguke papo hapo kwenye kisigino. Zunguka kwa hatua, duara pana, kama tuktuk inavyogeuza. Usibebe kitu mikononi mwote miwili.

Na wewe unayemsindikiza: usimvute. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mwanangu, kwa mapenzi tu, alinivuta mkono tukivuka barabara pale Kondele na nikaenda chini kwa magoti. Simama kando yake, mpe kiwiko ashike yeye, weka mguu wako mbele ya wake umwambie "vuka huu". Halafu subiri.

Kwa usafiri, tuktuk ni bora kuliko boda boda, na nikipanda matatu naomba kiti cha karibu na mlango, nikimwambia konda mapema kuwa nitashuka polepole. Ninayo karatasi mkobani, imeandikwa kwa herufi kubwa: "Nina ugonjwa wa Parkinson. Sijalewa. Nipe muda." Nimeitoa mara nyingi, na mara nyingi watu wameinuka kunipisha.

Nguo, na kitanda

Hapa nitakaa, maana ni kazi yangu.

Vifungo: vitoe. Mahali pake shona ule ukanda wa kunata ulio kwenye viatu vya watoto, kisha kile kifungo kishone juu kwa nje ili shati libaki na sura yake. Wanaume wengi wamenijia na mashati ya kanisani au kanzu, na wanaondoka wakiwa hakuna anayejua. Suruali, toa kishikizo na zipu, tia lastiki kiunoni, zipu ya uongo ibaki kwa mbele. Zipu unayotaka kubaki nayo, funga kitanzi cha utepe kwenye kile kichwa chake ili kidole kizima kiingie. Sidiria, hamishia kulabu mbele.

Dera ni vazi zuri kwetu, linaingia kwa kichwa na halina kifungo, lakini pindo lake linaua. Miguu yetu haiinuki vizuri, inaburuza, nayo inakanyaga pindo. Pandisha inchi 4 kutoka chini, liishie juu ya kifundo cha mguu. Buibui vilevile. Hijabu, nunua au shona ile ya kuvaa kama kofia, bila pini. Viatu vyenye kisigino kilichofungwa nyuma. Slipas waachie wengine. Na unapovaa, keti, na uanze na mkono ule ulio mzito zaidi. Ukivua, mzito uwe wa mwisho.

Sasa kitanda. Kugeuka usiku kulinishinda kabisa mwaka wa nne. Nililala kama gogo hadi alfajiri, nikiamka mgongo unauma. Nilichukua satini, mita moja na nusu, nikaishona juu ya shuka kwa upana wa kitanda, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Sehemu ya miguu ikabaki pamba. Satini inateleza mwili ugeuke, pamba inashika visigino upate mahali pa kusukuma. Nguo ya kulalia isiwe satini tena, utateleza hadi chini. Kitanda kiegemee ukuta upande mmoja. Kugeuka: kunja magoti, geuza kichwa kwanza, fuata na mkono, halafu magoti yaangukie upande uleule.

Chandarua huku hatuwezi kukiacha, malaria ipo mwaka mzima. Lakini kuchomoa chandarua usiku wa manane ukikimbilia choo, nacho kinakufunga miguu, ni hatari. Nilikata mpasuo upande wa kushukia, nikaongeza kipande kinachopishana kama pazia kwa upana wa inchi 20, na uzito wa mnyororo mdogo kwenye pindo ili kijifunge chenyewe. Ukitengeneza hivyo hakikisha kipande kinapishana vya kutosha, mbu hawahitaji nafasi kubwa.

Kabla ya kusimama, keti ukingoni mwa kitanda dakika mbili, nyanyua visigino mara kadhaa, kunywa maji. Presha yetu hushuka tunapoinuka, na kwenye joto hushuka zaidi. Kwenye kiti, sogea mbele hadi ukingoni, vuta miguu nyuma chini ya magoti, inama mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha Bismillahi, inuka kwa mara moja. Kiti chenye mikono. Miguu ya kiti changu fundi wa mbao aliiongezea vipande vya inchi 3.

Bafuni naogea nimeketi kwenye kiti, sabuni imefungwa kwa kamba. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilitengenezewa kiti cha mbao chenye tundu, na chuma cha kushika ukutani kutoka kwa vijana wa jua kali. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu nilikijaribu, miguu yake ikafunguka. Udhu natawadha nimeketi, na swala naswali kwenye kiti. Ramadhani mbili nilijaribu kufunga, na ya pili nilianguka kabla ya alasiri kwa kukosa dawa. Shehe wetu akanikumbusha kuwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidya, maskini mmoja alishwe kwa kila siku. Sasa ndiyo funga yangu, naipika mwenyewe saa za N.

Kumeza na sauti

Koo nalo linakuwa zito. Kaa wima, kidevu kikiinama kidogo, tonge dogo, meza mara mbili, usiongee. Vitu vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyopalia kuliko uji mzito. Ngege ana miiba mingi. Nimehamia minofu ya mbuta. Ukianza kukohoa kila mlo, au ukipata homa za kifua mara kwa mara, mwambie daktari bila kungoja miadi.

Sauti yangu imeshuka mpaka watu wanadhani nimenuna. Kila alfajiri nasoma Kurani kwa sauti ya juu kuliko ninavyodhani inahitajika, nusu saa. Mwenzangu mmoja Mkristo anasoma Zaburi vivyo hivyo. Sauti inayosikika kwako kama kelele, kwa wengine ni ya kawaida.

Dawa zinazodhuru, na mbegu za upupu

Siku moja nilitapika, nikapelekwa kliniki moja, nikachomwa sindano ya kuzuia kutapika. Jioni ile sikuweza hata kufumba mdomo. Ilikuwa metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kama Plasil. Inaziba dopamini, ile ile tunayoitafuta. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo ni hivyo. Andika majina haya kwenye jalada la daftari lako kwa wino mwekundu, mwonyeshe kila daktari na kila muuza dawa. Kwa kutapika ipo domperidoni, waulize juu ya hiyo. Ukilazwa, omba saa zako za dawa zifuatwe, si saa za wodi. Daftari liende nawe.

Jirani yangu Mama Akinyi aliniletea unga wa mbegu za upupu, akasema alisikia unatibu mtetemeko. Hakukosea: mbegu za upupu zina levodopa ya kweli. Lakini hakuna anayejua kijiko kina kiasi gani, na juu ya vidonge vyangu ingekuwa dawa mara mbili. Nilimshukuru kwa moyo, sikuutumia.

Kuna mengine huja ambayo watu huficha. Niliona paka amelala juu ya cherehani usiku, na hatuna paka. Pia nilipitia miezi ya huzuni nzito isiyo na sababu. Yote mawili yanatokana na ugonjwa au dawa, na yote mawili yalipungua niliposema.

Usisahau kupimwa ulemavu katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nenda asubuhi, saa ya N, na nakala za karatasi zote.

Kupima upya

Kila miezi mitatu, siku ya kwanza ya mwezi, saa moja baada ya dawa ya asubuhi, mjukuu wangu ananipima. Hatua kutoka kitandani hadi mlangoni: zilikuwa 9, sasa ni 14. Mara ngapi naweza kuinuka kwenye kiti kwa nusu dakika. Naandika jina langu kamili, tunapima urefu wake kwa futi kamba. Dakika za kuvaa. Mara nilizoanguka tangu kipimo kilichopita, na mahali. Uzito wa mwili, kwenye mizani ya duka la dawa.

Namba iliyobadilika sana izungushie duara. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, kaa nacho wiki mbili ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia. Kipimo cha mwisho, duara langu lilikuwa kwenye kuanguka: mara 3, zote kati ya jikoni na sebuleni. Wiki hii tunang'oa kizingiti.